Cheo na Mahali katika Picha za Makanisa ya Hispania



Kuzungumza juu ya picha katika redio ni kazi yenye udhia wake, kwa kuwa picha ni haki ya jicho, nayo redio haina cha kulipatia jicho ila maneno. Na udhia huo huzidi pale picha zenyewe zinapokuwa za namna ambayo hata mtu aliyesimama mbele yake, akazitazama kwa utulivu, huweza kuondoka akidhani kwamba waliozichora walikuwa watu wasiojua kuchora. Picha nilizokusudia ni zile za ibada zilizopakwa katika kuta za makanisa ya kaskazini ya Hispania yapata miaka 900 iliyopita, zama ambazo Andalus, yaani sehemu ya kusini ya nchi ile ile, ilikuwa bado chini ya watawala wa Kiislamu, na mpaka baina ya dini mbili ulikuwa ukisogezwa mara kwa mara na vita, na kuvukwa kila siku na wafanyabiashara.

Mtu aliyezoea picha za kamera, au picha za mafundi wa Italia wa karne ya 15 na waliowafuata, huzitazama kazi za mikono hii ya kale akaona kasoro tele: miguu ya watu haikanyagi ardhi, nguo zao hazina uzito, nyumba ni ndogo kuliko mwenye nyumba, na nyuma ya watu hapana mlima wala mti wala mbingu, ila mapande mapana ya rangi yaliyolazwa moja juu ya jingine. Nami nadai kwamba hizo zinazoitwa kasoro ni kaida, na kwamba kaida hizo zina mantiki kali ndani yake, mantiki ya mahali, ambayo kwayo thamani ya kitu hujulikana kwa pale kilipowekwa, hata mpangilio wa picha ukawa ndio hoja yake. Wale miongoni mwenu waliolelewa katika nyumba ambamo kuchora chenye roho hakupendezi, na ambamo jicho lilifunzwa nakshi na maandishi badala ya sura, nadhani watanifuata kwa wepesi zaidi kuliko wengine, kwani mjuzi wa nakshi hamuulizi fundi kwa nini ua lake halifanani na ua la bustanini.

Basi twende kwanza katika milima ya Pyrenees, upande wa Catalonia, katika bonde liitwalo Boí, kwenye kijiji cha Taüll, ambako liko kanisa la mawe la Sant Climent, lenye mnara mwembamba wa orofa sita. Tarikhi ya kanisa hili inajulikana kwa uhakika ambao ni nadra kwa majengo ya umri wake, kwa sababu iliandikwa kwa rangi juu ya nguzo mojawapo ya ndani: Askofu Ramon wa Roda aliliweka wakfu tarehe 10 Desemba 1123, na kesho yake, tarehe 11, akaliweka wakfu kanisa la pili la kijiji hicho hicho, la Santa Maria. Bonde lote lilikuwa la wachungaji na wakulima, nalo hata leo ni bonde la vijiji vidogo. Lakini mchoraji aliyeletwa hapo, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na ambaye maulamaa wa sanaa humwita tu Fundi wa Taüll, alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa Ulaya ya karne ile.

Kazi yake ilikuwa katika sehemu ya kanisa ambayo ni lazima niieleze. Msikiti una kibla chake, ule mwingia wa ukuta anaposimama imamu. Na makanisa ya kale nayo yana, mwishoni upande wa mashariki, ukuta uliopindwa kama nusu duara, ulioezekwa kwa nusu ya kuba, na mbele yake husimama madhabahu. Wajenzi huuita apsi. Muumini aingiapo mlangoni kwa upande wa magharibi, uso wake huelekea huko, na kila kitu ndani ya jengo, nguzo kwa nguzo, humsukuma huko. Ndipo alipopaka Fundi wa Taüll. Juu kabisa, katika lile nusu la kuba, alimweka Yesu Kristo katika enzi yake, ameketi juu ya upinde, miguu yake imetua juu ya nusu tufe ambayo ni dunia, amezungukwa na umbo la lozi, lenye ncha juu na chini, umbo ambalo lilikuwa limekwisha kuwa alama ya utukufu usiofikiwa na kiumbe. Mkono wa kuume umeinuliwa kwa kubariki. Mkono wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa, nacho kimeandikwa kwa Kilatini kwamba yeye ndiye nuru ya ulimwengu. Pande mbili za mabega yake zinaning'inia herufi mbili za Kigiriki, Alfa na Omega, ya kwanza na ya mwisho.

Chini ya kuba, ukutani, wamesimama Bikira Maria na Mitume, kila mmoja chini ya tao lake, kila mmoja na jina lake limeandikwa. Chini yao ilikuwapo safu ya tatu, ambayo sehemu kubwa imepotea. Na chini ya hiyo ni madhabahu yenyewe, na padri, na watu. Kwa hiyo kuna daraja: Mola juu, watakatifu kati, ardhi na wakazi wake chini, na mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angeweza kujua nani ni nani kwa kupima tu urefu wa kutoka sakafuni. Mwenye asili ya pwani hahitaji kufundishwa jambo hili kwa kirefu. Aingiapo katika baraza ya harusi au ya maulidi, kabla hajauliza jina la mtu yeyote, amekwisha kujua nani ni mwenye nyumba, nani ni sharifu, nani ni shemeji na nani ni mpita njia, kwa kuangalia tu nani amekaa wapi, na nani ameachiwa nafasi pande zake. Picha ya Taüll husomwa vivyo hivyo. Kristo ni mkubwa kuliko Mitume mara kadhaa, wala hakuna aliyedhani kwamba alikuwa jitu kwa kimo; ukubwa ni heshima iliyotiwa katika kipimo.

Yale mapande ya rangi nyuma yake, la buluu na la manjano ya udongo na jeusi, ambayo msomaji wa leo huyaona kuwa uvivu wa kuchora mawingu, nayo yana kazi yake. Mahali palipochorwa mawingu ni mahali pamoja, na siku palipochorwa ni siku moja. Bali huyu anayetazamwa hapa hayuko katika siku wala katika mji, ndiyo maana fundi amemwondolea hali ya hewa. Ameifanya picha isiwe na saa.

Ama uso, huo ndio uliolifanya jina la Taüll lijulikane na watu ambao hawatafika Taüll aushi yao. Ni uso mrefu, uliogawanywa katikati na pua iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi, nyusi zikianzia pale pale puani na kupaa kwa mapinde mawili yanayolingana, nywele zimeshuka mabegani kwa mizani, masharubu na ndevu zimepangwa nyuzi kwa nyuzi hata mtu akaona kwamba mchoraji alizitunga zaidi kuliko alivyoziiga. Hakuna binadamu mwenye uso wa namna hiyo, wala haikutakiwa awepo. Na kwa kuwa uso huo umepakwa katika ukuta uliobonyea, aliye chini akiinua macho humwona yule aliye juu kana kwamba ameinama kidogo kumwelekea. Jambo hilo katika picha ya kitabuni hupotea lote, na ndiyo sababu nawaonya wale wenye vitabu vya picha majumbani kwamba hawajaiona Taüll bado.

Sasa nije kwenye alama, ambazo watu wengi huzipenda kwa sababu hufanana na mafumbo, na ambazo mara nyingi huelezwa vibaya kwa kutolewa moja moja kama maneno katika kamusi. Pembeni mwa Kristo wapo viumbe wanne, nao ni mtu mwenye mabawa, simba, ng'ombe na tai, waliotoka katika maono ya Nabii Ezekieli na katika Ufunuo wa Yohana, na ambao wanachuoni wa Kanisa waliwafanya kuwa alama za waandishi wanne wa Injili: Mathayo, Marko, Luka na Yohana, kwa taratibu hiyo. Hilo ni jambo la kawaida katika Ulaya nzima. Lisilo la kawaida ni namna alivyowapanga Fundi wa Taüll. Malaika wa Mathayo na yule amchukuaye tai wa Yohana wamewekwa juu, ambako kuba linazidi kubana. Na simba na ng'ombe, kwa kuwa ni wanyama wa ardhi, wamewekwa chini ndani ya maduara, na kando ya kila mmoja yupo malaika aliyemshika, mmoja amemshika simba mguu wa nyuma na mwingine amemshika ng'ombe mkia, kama wachungaji wa bonde lile walivyokuwa wakiwashika ng'ombe wao. Mimi naamini kwamba watu wa Taüll walicheka walipoiona siku ya kwanza, wala sioni kwamba kicheko hicho kiliipunguzia picha heshima.

Katika matao yaliyo mbele ya kuba kuna alama nyingine. Kileleni mwa tao mojawapo yumo Mwanakondoo wa Ufunuo, mwenye macho saba usoni pake, yaliyopangwa kwa utaratibu hata jicho la mtazamaji likashindwa kujua litulie kwenye lipi. Na katika tao jingine, ndani ya duara jeupe, umo mkono mmoja mtupu, usio na mwili, ambao ni mkono wa Mungu. Wakristo wa karne zile walikuwa na haya, ambayo haikuwa mbali na haya ya majirani zao Waislamu, ya kumchora Mungu Baba kwa sura. Wakatosheka na mkono. Na macho mengi nayo ni msemo uliofahamika milimani humo: katika kanisa la Santa Maria d'Àneu, si mbali sana na hapo, wamechorwa maserafi wenye mabawa sita yaliyojaa macho, na macho mengine yamo hata katika viganja vya mikono yao. Jicho katika sanaa hii ni elimu. Kiumbe kinachomkaribia Mungu hakifichwi kitu, kwa hiyo hupakwa macho palipo na nafasi.

Lakini tazameni aliko Lazaro. Simsemi yule aliyefufuliwa. Nasema yule maskini wa mfano uliosimuliwa na Luka, aliyelala mlangoni kwa tajiri akitamani makombo. Fundi amemchora ubavuni mwa tao, chini, karibu na usawa wa watu, na vidonda vyake vyekundu na mkongojo wake, na mbwa amemjia anamlamba. Katika daraja yote hiyo ya enzi, huyu ndiye aliyewekwa jirani na wasikilizaji wa misa. Na mchungaji wa Boí aliyesimama nyuma, asiyethubutu kumwangalia Mola machoni, alikuwa na mtu wa kimo chake wa kumwangalia. Kama Lazaro angalipandishwa kubani angalikuwa pambo. Mahali alipo, yeye ni hukumu juu ya kila aingiaye akiwa ameshiba.

Bikira Maria, katika safu ya kati, ameufunika mkono wake mmoja kwa nguo yake, na juu ya nguo hiyo ameshika bakuli ambalo ndani yake inatoka miale myekundu. Bakuli hili limezua maneno mengi. Mwanachuoni mmoja, Joseph Goering, ameandika kitabu kizima kuonyesha kwamba hapa, na katika makanisa ya jirani, ndipo ulipoanza uvumi wa kile chombo kitakatifu ambacho washairi wa Kifaransa walikitungia hadithi miongo kadhaa baadaye. Huenda ikawa hivyo. Mimi naona inatosha kusema kwamba mkono uliofunikwa ni adabu ya kushika kitu kisichoshikika kwa mkono mtupu, na kwamba bakuli limewekwa juu tu ya pale ambapo padri, katika misa, huinua kikombe chake. Anayeinua macho kutoka kikombe cha chini hukutana na bakuli la juu, na uhusiano umekwisha kuelezwa bila mahubiri.

Neno moja juu ya rangi. Kazi ya namna hii hufanywa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, ili rangi inywewe na chokaa na kukauka nayo. Kwa hiyo mchoraji hana muda wa kusitasita, na anachopaka asubuhi hawezi kukifuta jioni. Buluu ya nguo ya Kristo, ambayo wageni wengi hudhani ni lile jiwe la thamani lililoletwa kutoka milima ya Afghanistan, imetambuliwa kuwa ni aerinite, jiwe la milima hiyo hiyo ya Pyrenees. Basi enzi ya mbinguni ilipakwa kwa mawe ya nyumbani.

Je, fundi huyu alijifunza wapi kuigawa mbingu kwa mapande ya rangi? Jibu lake, kwa sehemu, limo katika vitabu. Katika nusu ya pili ya karne ya 8 rahibu mmoja wa Liébana, kaskazini kabisa mwa Hispania, jina lake Beatus, alitunga sherehe ndefu ya Ufunuo wa Yohana, akairudia na kuikamilisha mpaka mwaka 786. Na miaka ile ile, huko Córdoba, Abd al-Rahman wa Kwanza alikuwa akiuanza ule msikiti mkuu wenye matao ya mawe na matofali, meupe na mekundu kwa zamu. Wawili hao hawakujuana, lakini waliowafuata walijuana. Sherehe ya Beatus ilinakiliwa tena na tena katika monasteri kwa karne kadhaa, ikipambwa kwa picha, na kati ya waliozipamba walikuwamo Wakristo waliolelewa katika mila ya Andalus. Fungueni nakala mojawapo ya zile za karne ya 10, mtaona nyuma ya malaika na wanyama wa kutisha mapande yale yale ya rangi, mekundu, ya manjano, ya buluu, yenye ukali ambao karne ya 20 ilijidai kuubuni; na mtaona mji wa Yerusalemu ya mbinguni umefunuliwa kama mkeka, kuta zake nne zimelazwa chini, na milango yake kumi na miwili ina matao ya umbo la kwato ya farasi, kama ya msikitini Córdoba. Mkristo alipotaka kuuchora mji bora kuliko miji yote aliyopata kuiona, aliuchora kwa milango ya Waislamu.

Nakala iliyokamilika mwaka 975, ambayo huhifadhiwa katika kanisa kuu la Girona, ina jambo ambalo halifai kupitwa. Katika maandishi yake ya mwisho wametajwa wachoraji wawili: Emeterius, aliyekuwa padri, na mwanamke aitwaye Ende, ambaye ameelezwa kuwa ni mchoraji na msaidizi wa Mungu. Jina la Ende limetangulia. Katika sanaa ambayo Fundi wa Taüll mwenyewe hakuachiwa jina, mwanamke wa karne ya 10 ameachiwa lake.

Mjini León, katika Panteoni ya Wafalme ya San Isidoro, nitapita haraka, ingawa wapo wanaoiona kuwa bora kuliko Taüll. Huko waandishi wa Injili wana miili ya watu na vichwa vya wanyama, na darini malaika anawatangazia wachungaji kuzaliwa kwa Yesu, lakini mchungaji mmoja ameshughulika kumnywesha mbwa wake. Wenye kusema kwamba wachoraji hawa hawakuyatazama maisha na wakamwangalie mbwa huyo. Waliyatazama sana, kisha wakayapa nafasi yake, ambayo haikuwa nafasi ya katikati.

Na hilo ndilo linalonileta kwenye kanisa la ajabu kuliko yote, la San Baudelio de Berlanga, katika jimbo la Soria, lililojengwa katika karne ya 11 katika nchi ambayo ilikuwa imetoka tu kuwa mpaka baina ya Waislamu na Wakristo. Kwa nje ni sanduku la mawe. Ndani, katikati, imesimama nguzo moja nene, ambayo juu yake hutawanyika matao manane kama makuti ya mtende, yakabeba dari; na upande mmoja upo msitu mdogo wa nguzo na matao, mfupi hata mtu mrefu huinama, ambao kila aliyepata kusali katika msikiti wa kale huujua. Kuta zake zilipakwa katika karne ya 12 kwa mpango ule ule wa daraja: juu habari za Yesu, kutiwa kwake majaribuni, harusi ya Kana, kuingia kwake Yerusalemu, karamu ya mwisho, na chini, juu ya uwanja mwekundu usio na ardhi wala mbingu, mwindaji juu ya farasi akifukuza sungura na mbwa wake, mpiga mshale akimlenga paa, dubu, ngamia, na tembo aliyebeba ngome mgongoni.

Tembo katika kijiji cha Castile! Mchoraji, kwa kila dalili, hakumwona tembo. Alimwona katika nguo za hariri au katika vyombo vya kuchongwa vilivyotoka kwa Waislamu, na pengine chombo chenyewe kilikuwa cha pembe ya tembo, kwani Córdoba ilikuwa mashuhuri kwa makasha ya pembe. Hapa sisi wa pwani hii tuna neno letu la kusema, japo dogo. Al-Masudi, msafiri aliyefika kwetu katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China, na kwamba lau si hivyo pembe zingekuwa tele katika nchi za Waislamu. Siwezi kudai kwamba tembo wa Berlanga ana damu ya Zanji. Ila nadai kwamba mnyama huyu alifika katika ukuta wa kanisa kwa njia ya soko.

Wapo maulamaa wanaompa kila mnyama wa Berlanga maana ya batini: tembo ni unyenyekevu, sungura ni roho inayokimbizwa na shetani. Maana hizo zimo katika vitabu vya wanyama vya zama zile, wala sizikatai zote. Lakini naona mpangilio unasema jambo lililo wazi zaidi. Uwindaji ni starehe ya masultani na makabaila. Umewekwa chini ya miguu ya Injili, kwa rangi nzuri kabisa, bila ya kutukanwa. Dunia imekubaliwa, ikapewa daraja ya chini.

Daraja hizi zilikuja kuvunjika kwa mikono ya wachoraji wenyewe. Mwaka 1443 baraza la mji wa Barcelona lilimwagiza Lluís Dalmau, ambaye hapo nyuma alikuwa amepelekwa Flanders na mfalme wake, awachoree Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la nyumba ya baraza. Naye katika miaka miwili akawachorea, kwa namna aliyoiona kwa mafundi wa huko, Bikira aliyeketi na mtoto wake, na wazee watano wa baraza wamepiga magoti pande zake, nyuso zao zikiwa nyuso za watu wenye majina na madeni, na miili yao ikiwa na kimo sawa na cha watakatifu. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini mtu akitoka Taüll akaenda moja kwa moja kwa Dalmau, jambo ambalo katika jumba la makumbusho la Barcelona huchukua dakika chache, hushtuka kuona jinsi wale wazee walivyopanda juu bila ngazi.

Nimesema jumba la makumbusho, na ni lazima niseme picha hizi zilivyofika huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 makanisa haya yalikuwa ya watu maskini, wala hakuna aliyeyajali mpaka watafiti wa Taasisi ya Mafunzo ya Kikatalani walipoyazuru mwaka 1907 na kuanza kuyatangaza. Na kutangazwa kukawaita wafanyabiashara. Ikaja elimu kutoka Italia ya kuing'oa picha ukutani: hubandikwa vitambaa kwa gundi ya moto, gundi ikikauka huvutwa, na ngozi ya rangi hutoka nayo, ikakunjwa kama jamvi. Picha za Santa Maria de Mur ziliuzwa hivyo, na mwaka 1921 zikawa mali ya jumba la makumbusho la Boston. Kwa hofu ya kwamba zote zitafuata, wenye mamlaka ya makumbusho ya Barcelona waliwaajiri mafundi wale wale Wataliani, nao kati ya 1919 na 1923 wakazing'oa za Taüll na za vijiji vingine, zikateremshwa mlimani kwa nyumbu. Leo zimo katika jumba la Montjuïc, zimetandazwa juu ya mbao zilizopindwa kwa umbo la apsi zao, ili angalau ule mbonyeo usipotee. Waliofanya kazi hiyo wanalaumiwa na baadhi ya watu. Mimi siwalaumu, kwani bila wao huenda zingefuata zile za Mur.

Berlanga haikupata walinzi wa namna hiyo. Ilikuwa imetangazwa kuwa athari ya taifa tangu 1917, na bado wanakijiji wenye kanisa waliziuza picha kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, kesi ikaenda hata mahakama ya juu, mnunuzi akashinda, na mwaka 1926 zikang'olewa. Karamu ya mwisho ilikwenda Boston, kuingia Yerusalemu kukaenda Indianapolis, mwinda kwa kipanga akaenda Cincinnati, ngamia akaenda New York. Juu na chini zilitenganishwa, na mpango niliokuwa nikiusifu hivi punde hauko tena popote duniani, ila katika michoro ya wataalamu na katika madoa ya rangi yaliyobaki ukutani.

Mwaka 1957 yalifanywa maafikiano ambayo kila nikiyafikiri huona tabu kuamua ni nani aliyepata. Jumba la Metropolitan la New York liliipa Prado ya Madrid, kwa mkopo usio na mwisho, vipande sita vya Berlanga, tembo na dubu na wawindaji wakiwamo. Nayo Hispania ikatoa, kwa mkopo wa namna hiyo hiyo, apsi nzima ya kanisa lililobomoka la San Martín, huko Fuentidueña katika jimbo la Segovia. Mawe yake, zaidi ya 3,000, yalifunguliwa moja moja, yakavushwa bahari, yakajengwa upya katika jumba la Cloisters, New York. Apsi hiyo ilipofika ilikuwa tupu, haina picha. Na waliokuwa nayo walikuwa na picha iliyong'olewa isiyo na apsi, ya Bikira Maria na mtoto wake, iliyotoka kanisa moja la Tredòs katika Pyrenees. Basi wakaibandika moja ndani ya nyingine, picha ya Catalonia katika kuba la Castile, na watu hukaa chini yake kusikiliza muziki wa kale. Kwa kipimo cha haki ya mali naona kwamba Hispania ilinunua vya kwake kwa vya kwake. Kwa kipimo cha mchoraji, nadhani angeridhika: Bikira yuko juu, katika nusu ya kuba, watu wako chini, na hakuna aliyewekwa juu yake.